Mjaka Aliposema Redioni

"Kaa vizuri. Magoti usiyapanue hivyo. Haya, tuanze tena," alisema Bwana Badar. "Bwana Mjaka, njia ya milimani ilikuwaje?"

"Ilikuwa mbaya. Matope matupu."

"Siyo hivyo."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Najua ndivyo ilivyokuwa! Sikukuuliza ilivyokuwa, nimekuuliza utasemaje." Badar aliketi juu ya kitanda, maana chumba kile cha hoteli mjini Tanga kilikuwa na kiti kimoja tu, na Mjaka ndiye aliyekikalia. "Njia ilikuwa na matope, lakini tairi za Fahari ziliyashinda. Sema."

"Njia ilikuwa na matope, lakini tairi za Fahari ziliyashinda."

"Ukiulizwa habari ya mvua?"

"Nataja tairi."

"Ukiulizwa ulikula nini njiani?"

Mjaka akafikiri. "Nataja tairi?"

"Chakula hapana, ndugu yangu. Ukiulizwa chakula, taja chakula. Tumia akili."

Mjaka alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kazi yake ilikuwa kuendesha basi la mbao baina ya Chake na Wete. Mwaka ule wa hamsini na tisa, masika yalipokuwa makali, Badar alikwenda Pemba kuuza tairi na akamwona akilipandisha basi lake kwenye kilima cha udongo mwekundu, abiria wote wamo ndani, wakati malori mawili yamelala mtaroni. Hapo ndipo alipompa gari na kumtia katika mashindano ya magari ya siku tatu, kutoka Tanga hadi Arusha na kurudi. Mvua ikanyesha siku zote tatu. Mabwana wakubwa wa mashamba ya mkonge walikwama na magari yao ya thamani, na dereva wa basi kutoka Pemba akaingia Tanga akiwa wa pili. Gazeti lilitia picha yake, ingawa uso hauonekani vizuri kwa matope.

Sasa kampuni ya Fahari ilitaka kumfanya mtu wa kutangaza tairi zake, na mtangazaji wa redio alikuwa amevuka kutoka Unguja na mashine ya kunasa sauti. Badar alikuwa na siku moja ya kumfundisha Mjaka kusema. Alimfundisha kutokohoa. Alimfundisha kucheka kidogo baada ya kutaja shida, ili wasikilizaji wajue kwamba shida ilimkuta mwanamume. Alimpa viatu vyeusi, na koti jeupe lenye picha ya tairi kifuani, akalivaa, japokuwa redio haionyeshi koti.

"Jambo la mwisho," Badar alisema. "Kuendesha gari wanajua wengi. Mnunuzi anataka kumjua mtu mwenyewe, katoka nyumba gani, wazee wake ni watu gani. Wewe watu wako nani?"

Mjaka alimwona mama yake akilini kama alivyomwacha asubuhi ya Jumapili, amerudi pwani, kanga imelowa matope ya makumbi hadi magotini. Bi Mize alikuwa akifukia makumbi ya nazi katika tope la pwani, akiyafukua baada ya miezi, akiyapiga kwa gongo mpaka yatoke usumba, zile nyuzi zake, akisokota kamba na kuuza. Ni kazi yenye uvundo usiotoka kwa sabuni. Kwa kazi hiyo alimlea Mjaka na kumnunulia shati la kwanza alilokwenda nalo kujifunza gari.

"Nimekulia kwa Bwana Zahran," Mjaka akasema.

"Zahran wa mashamba ya karafuu? Na mbona siku zote hukuniambia?" Badar alifurahi mpaka akasimama. "Hilo litaje! Hilo ndilo la kutaja!"

Ukweli ni kwamba kwa Zahran, Mjaka alikuwa akiosha gari pamoja na marehemu baba yake, na mchana wakipewa wali wakala ubarazani. Labda huko nako ni kukulia.

Na alikuwa na kisingizio kizuri cha kutomtaja mama yake, kilichotoka kinywani mwa mama mwenyewe. Jumapili ile Bi Mize alimshika mkono mlangoni akamwambia, "Mjaka, huko kwenye redio jina langu usilitaje. Unanisikia? Lako washalijua. Mtu akipata jina lako na jina la mamako, kapata kila kitu. Atakwenda kupiga falaki, aitazame nyota yako, kisha siku moja n'ambiwe gari limekuangukia. Sema lolote, lakini jina langu liache hapa hapa nyumbani."

Pemba jambo hilo halichekwi. Madereva wenzake walishaanza kumtazama kwa upande, na kila mtu alimjua mtu aliyehesabiwa nyota akaharibikiwa. Mjaka alimkubalia mama yake kwa moyo safi. Lakini pale hotelini, kwenye kile kiti, alilikumbuka agizo lile kwa raha asiyopaswa kuwa nayo, na yeye mwenyewe alijua.

* * *

Mtangazaji alikuwa mtu wa adabu, mwembamba, mwenye sauti ya kutuliza. Aliweka kipaza sauti juu ya meza, magurudumu mawili ya mashine yakaanza kuzunguka, na Mjaka akasema vizuri kupita alivyotarajiwa. Tairi alizitaja mara saba. Alipohadithia alivyozungukwa na maji karibu na Korogwe alicheka pale pale alipotakiwa kucheka, na Badar mlangoni akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini juu ya meza palikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mkate wa kumimina ambao Mjaka alipewa aje nao safarini. Kabla ya kazi mtangazaji alikuwa ameonja kipande, na sasa akataka kumaliza kwa neno la kuchangamsha.

"Wasikilizaji, laiti mngeuonja mkate wa kumimina alioniletea Bwana Mjaka kutoka Pemba! Bwana Mjaka, kaupika nani? Mama? Tumtumie salamu zake."

Angeweza kusema, "Ndiyo, kaupika mama, salamu zitamfika," na jina lisitajwe, na agizo lisivunjwe, na kila mtu akaenda zake. Jibu hilo lilikuwa karibu kuliko jingine lolote.

"Mama ninayemjua mimi ni Bi Thuraiya, wa kwa Bwana Zahran," Mjaka akasema kwa ile sauti yake mpya. "Mkate kaupika bibi mmoja tu, mpiga makumbi wa mtaani kwetu. Hutusaidia kazi ndogondogo za nyumbani."

"Basi salamu kwa Bi Thuraiya, na huyo bibi naye apate ahsante yake," mtangazaji akasema, akaizima mashine.

Badar alimpa mkono. Hakuna aliyemfundisha Mjaka maneno yale ya mwisho. Yalitoka yenyewe, na alipoyasikia yalikuwa yameshatoka.

"Pale mwisho," alimwambia mtangazaji aliyekuwa akifunga sanduku, "hapawezi kufutwa?"

"Kwa nini? Umesema vizuri sana. Pana kosa?"

Akimwambia kosa, itabidi amwambie mpiga makumbi ni nani. Badar alikuwa amesimama pale pale.

"Hapana kosa," Mjaka akasema.

* * *

Aliwasili nyumbani Tibirinzi, pale Chake, Alhamisi, na kumbe Bi Mize hakubakisha mlango bila kuupigia hodi. Mtaa mzima ulijua kwamba Mjaka atasema redioni Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amezungumza na Mmanga mwenye duka, mwenye redio ya betri, wanaume wakae barazani na wanawake uani chini ya dirisha. Kahawa alinunua yeye. Visheti alikuwa akivikaanga wakati Mjaka anavua viatu.

"Hukulitaja jina langu?" lilikuwa neno lake la kwanza baada ya salamu.

"Sikulitaja, mama."

"Alhamdulillahi!" Akampangusia vumbi begani. "Mwanapili! Mumeo keshafika, tia chai. N'nakwambia, Mjaka, watu watakuja mpaka wa Wawi. Nimewambia waje wakusikilize, lakini wasitarajie kusikia habari zangu, maana mie nimekataza."

"Mama, kwani lazima uende na wewe? Zile ni habari za magari tu."

"Nisende? Mwanangu aseme redioni, mie nikae jikoni?" Bi Mize alicheka mpaka akaweka chini mwiko aliokuwa akigeuzia visheti. "Huyu kapatwa na haya. Mtu mzima!"

Mwanapili, mkewe, hakucheka. Alileta chai, akangoja mama mkwe atoke, akauliza kwa sauti ya chini, "Umesema nini huko?"

"Sikusema kitu."

"Nakuuliza umesema nini."

"Habari za tairi, Mwanapili. Tairi, tairi, tairi mpaka mwisho."

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alikwenda dukani kwa Mmanga akaizungukazunguka ile redio. Aliuliza kama betri yake nzima. Alikuwa na tamaa ndogo ya aibu kwamba labda si nzima.

"Mpya!" Mmanga akasema, akaipigapiga mgongoni. "Nimeagizia Wete kwa ajili yako. Leo hata ukipiga chafya tutaisikia."

* * *

Walikuja kweli mpaka wa Wawi. Na siku zile si rahisi kuwakalisha watu wa Chake baraza moja, kwani vyama vilikuwa vimewagawa hata wengine hawazikani. Lakini kwa Mjaka walikuja, wa huku na wa huko, kwa sababu dereva hubeba watu wote. Mabruki, dereva mwenzake, alikaa mbele kabisa karibu na redio. Uani wanawake walikuwa kiasi cha ishirini, na Bi Mize katikati yao na kanga mpya ambayo bado inanukia duka, akimimina kahawa na kuwanyamazisha watu ambao walikuwa wamekwisha kunyamaza.

Sauti ya Mjaka ilipotoka kwenye redio watu walipiga kelele, kisha wakanyamaza. Ilikuwa yake na si yake. "Sikiliza anavyosema," Mmanga alinong'ona. "Mimi, mimi, mimi. Ile 'mie' kaivua kaiacha Tanga." Watu wakacheka kwa mapenzi. Tairi zilipotajwa mara ya tatu wakaanza kuhesabu kwa vidole, na mara ya sita baraza nzima ilitaja pamoja naye, "Tairi za Fahari!" Mjaka mwenyewe alikuwa amesimama pembeni na kikombe mkononi. Alitaka kutoka, lakini njia ilijaa watu waliokuja kwa ajili yake.

Kisha mtangazaji akautaja mkate wa kumimina, na uani pakasikika Bi Mize akisema kwa furaha, "Mkate wangu huo!"

Redio ikaendelea. Ikamtaja Bi Thuraiya. Ikamtaja bibi mmoja tu, mpiga makumbi wa mtaani, anayesaidia kazi ndogondogo. Ikatuma ahsante. Kisha ukapigwa muziki.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mzee mmoja alianza kukohoa kikohozi kisicho na haja. Ule muziki ulikuwa wa harusi, wa kuchangamsha, na Mmanga alinyoosha mkono akauzima.

"Alaa," Mabruki akasema. "Kumbe siku zote tunaendesha basi na mtoto wa Bwana Zahran, wala hatumwamkii."

"Mie ndiye niliyemwambia aseme vile!"

Ni Bi Mize. Alikuwa amekuja dirishani, birika la kahawa mkononi.

"Vyote vile, Bi Mize?" aliuliza mtu, kwa upole.

"Vyote! Mna nini nyie? Hamzijui husuda za watu? Mnataka nitajwe, mtu akapige falaki, mwanangu aharibikiwe? N'kamwambia, mama mtaje mwengine yeyote, na mie niite unavyotaka, jirani, mtumishi, potelea mbali. Mtoto kanisikiliza." Akacheka. "Haya, kahawa inapoa. Mabruki, lete kikombe chako."

Akamimina bila kumwaga hata tone. Hakuna aliyemwamini, na wote walikunywa. Mjaka alikuwa hatua tatu kutoka dirishani. Kulikuwa na nafasi ya kusema, na watu kwa huruma yao walimwachia nafasi hiyo kwa muda mrefu. Alikunywa kahawa yake akaimaliza, na hata alipoimaliza aliendelea kukiinua kikombe kitupu mdomoni.

* * *

Magharibi ile chakula kilipoiva, Bi Mize hakuketi jamvini. Aliingia na sinia, akaliweka mbele ya Mjaka, akarudi nyuma akasimama mlangoni, mikono ameifunga mbele.

"Nikuletee maji ya kunawa, bwana?"

"Mama!"

"Au nimngoje Mwanapili alete?"

"Mama, kaa ule."

"Mie nakula jikoni, bwana. Mama yenu Bi Thuraiya asije akanikuta nimekaa na nyie." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza chumvi imekaa sawa, na akatoka.

Mjaka alilitazama sinia. Mwanapili alikuwa ameshaanza kulia.

"Ilinitoka tu," Mjaka akasema.

"Ilitoka wapi?"

Mjaka akamega tonge, akalirudisha siniani.

"Alikwambia ufiche jina," Mwanapili akasema. "Hakukwambia umfiche yeye. Hujui kama jina mbali na mtu mbali? Nje huko kakukinga. Kasema uongo, mtu mzima yule, katoka kusali, kasema uongo mbele ya watu kwa ajili yako. Na wewe umekunywa kahawa."

Ikawa hivyo Jumamosi, na Jumapili, na Jumatatu. Nyumba ile aliijenga marehemu Jecha, mume wake, na Bi Mize mwenyewe alibeba udongo wa kukandikia. Sasa kila akitaka kuingia ukumbini alipiga hodi na kungoja aitikiwe. Nguo za Mjaka alizifua na kuzikunja, akazikabidhi kwa mikono miwili. Mjaka alimwomba radhi asubuhi, akamwomba jioni, akapiga magoti mara moja jikoni kwenye majivu. "Inuka, bwana, utachafuka," aliambiwa. Na mtu yeyote wa nje akiligusa jambo hilo, Bi Mize humjia juu: mwanangu kafanya nilivyomwagiza, nyie yawahusu nini?

Huko kwenye basi mambo yalikuwa ya kutarajiwa. Abiria walipotaka kushuka waliita, "Mwana wa Bi Thuraiya, shusha!" Jumatatu, pale kituoni Chake, alikuja mtu wa makamo aliyefanya kazi kwa Zahran, akamwita pembeni, lakini si pembeni ya kutosha.

"Bibi kaniagiza nikwambie ahsante kwa salamu," yule mtu akasema. "Ila kasema yeye ana wana watatu, na wote anawajua."

Mabruki alilisikia. Hata yeye, aliyekuwa hapitwi na neno la mzaha, aliinama akajifanya anatazama upepo wa gurudumu.

* * *

Jumanne baada ya adhuhuri Badar alishuka kwenye gari la Wete na mkoba wa ngozi shingoni. Ndani ya mkoba mlikuwa na kamera. Alimkumbatia Mjaka mbele ya abiria.

"Umewamaliza, ndugu yangu! Wamependa yote, na ile salamu ya mama hasa ndiyo iliyowaingia." Kampuni, alieleza, inatoa kalenda ya mwaka ujao, itundikwe katika kila duka kutoka Lamu hadi Lindi, na juu yake picha moja tu: Mjaka na koti jeupe, na mama yake kando. Baada ya hapo kazi ya mwaka mzima. Mshahara aliotaja ulikuwa mara tatu ya ule wa basi. "Lete koti, twende kwa Bi Thuraiya tumpige picha ubarazani, mwangaza usije ukatuponyoka."

Mjaka alilivaa koti. Vifungo alivikosea akavianza upya. Alitembea na Badar wakapita maduka, wakapita njia ya kwendea kwa Zahran, wakaanza kuteremka.

"Huku kuna nyumba?" Badar akauliza.

"Huku kuna mama yangu."

"Anafanya nini huku?"

"Njoo tu, Bwana Badar."

Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Harufu iliwafikia kabla hawajaona mtu, na Badar akatoa leso akaibandika puani. Kisha wakaiona mikoko, na kwenye uwazi wanawake watano wameketi juu ya mawe, kila mmoja na gongo lake na rundo lake la makumbi meusi, wakipiga kwa zamu kama watwangao kinu kimoja. Mjaka akasimama pale ardhi kavu inapoishia.

"Mama," akaita.

Magongo yakanyamaza. Bi Mize aliinua uso. Alimwona mwanawe, akaliona koti, akamwona mgeni na mkoba wake wa ngozi, na hakuna aliyehitaji kumweleza mgeni yule ni nani wala kaja na nini. Alijipangusa mikono kwenye kanga.

"Karibuni, mabwana," akasema.

Badar alimtazama Mjaka, akamtazama yule mwanamke wa tope. "Bibi, samahani. Kijana huyu anakuita mama. Wewe ni mama yake?"

"Mie?" Bi Mize akatabasamu. "Hapana, bwana. Namjua tu, kijana wa mtaani huyu. Ana mzaha."

Badar akashusha pumzi, akacheka ndani ya leso. "Mjaka, nusura uniue! Nimekuja safari yote hii unanitania? Haya, twende kwa Bi Thuraiya."

Wale wanawake wanne walimtazama Mjaka. Walimjua tangu anabebwa mgongoni. Alichokitafuta Tanga amepewa chote, tena na mama mwenyewe, kwa tabasamu. Kilichobaki ni kugeuka tu na kupanda kilima. Na tuseme kweli, mguu mmoja uligeuka.

Kisha akakanyaga tope na viatu vyake vyeusi vya kampuni, kimoja, cha pili, mpaka akafika kwenye jiwe la mama yake.

"Huyu ni mama yangu," akasema, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya kuitia abiria. "Mama yangu mzazi. Ndiye aliyepika ule mkate. Bi Thuraiya si mama yangu, mie nilikuwa naosha gari lao, na baba yangu, Jecha, naye akiosha. Huyu ndiye mama yangu, Bwana Badar. Mize binti Nyange."

Gongo likaanguka.

"Wee!" Bi Mize alisimama wima. "Wee Mjaka! Nani kakutuma ulitaje jina langu mbele ya watu?"

"Mama..."

"Na la babangu ukalitia! Mara ngapi nimekwambia? Mara ngapi? Nimekushika mkono mlangoni, n'kakwambia, jina langu usilitaje, kwa mgeni usiyemjua kwao! Kesho likikupata la kukupata nani atakuuguza, Mwanapili peke yake?" Alikuwa amemfikia, kidole cha matope kimegusa koti jeupe pale penye picha ya tairi na kuacha alama. "Umekwenda Arusha ukarudi, akili umeisahau kwa nani? Mtu mzima una ndevu! Nikufundishe mara ngapi, mwana mpumbavu wee?"

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Badar aliwatazama wote wawili, akashusha leso, akakifunga kifungo cha mkoba wake. "Koti utaliacha pale kituoni," alisema, si kwa ukali, akaanza kupanda kilima peke yake.

Mjaka hakugeuka kumtazama. Aliinamisha kichwa akasemwa. Machozi yalikuwa yakimtoka mbele ya wanawake watano na hakuyafuta. Tangu Ijumaa mama yake hakuwa amemwita "wee".

"Na viatu hivyo!" Bi Mize akasema. "Unavikanyagisha matopeni viatu vya watu, watakuja kuvidai. Vua! Nasema vua!"

Mjaka akainama, akavivua.